Seli Mundu: Mtoto Huurithi kwa Baba na kwa Mama

Tulikuwa na kikundi kimoja cha akina mama kando ya Ziwa Victoria, tukifundisha mambo ya akiba, ndipo mama mmoja akasimama na swali ambalo lilitunyamazisha sote. Watoto wake wawili wana ugonjwa wa seli mundu. Kwa kina mumewe wanasema ni yeye aliyeuleta, wengine ati ni chira, na sasa bwana anatafutiwa mke mwingine mwenye “damu safi”. Je, ni kweli? Basi tuliweka vitabu vya hesabu kando, tukazungumza habari ya damu.

Chembe nyekundu za damu ni za mviringo na laini, hupita katika mishipa midogo bila taabu. Za mgonjwa huyu hujikunja kama mundu. Zinakwama, zinaziba njia, na mtoto analia kwa maumivu ya mifupa. Tena hazidumu: chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, hizi ni siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo sababu mtoto hupungukiwa damu na macho kuwa manjano. Miezi ya kwanza huonekana mzima. Mara nyingi baada ya miezi 6 mama ndipo huona mikono na miguu imevimba.

Sasa unaingiaje? Leteni mikebe miwili, mmoja wa baba, mmoja wa mama. Katika kila mkebe tieni punje moja ya hindi na haragwe moja. Hizo ni jeni, yaani maagizo ya kutengeneza damu ambayo kila mtu amepewa mawili, moja na kila mzazi. Haragwe ndilo la seli mundu. Mzazi mwenye hindi na haragwe si mgonjwa. Analima, anabeba maji, hana habari.

Fumba macho, toa mbegu moja kila mkebe. Huyo ni mtoto. Andika, rudisha mbegu, chota tena hata mara 40. Karibu robo watapata mahindi matupu, karibu nusu watakuwa kama wazazi, na karibu robo watapata maharagwe mawili. Hao wa mwisho ndio wagonjwa. Mzee mmoja aliyekuja kusikiliza alichota na kuchota, kama anayetafuta njia ya kuushinda mkebe.

Mnaona? Haragwe moja limetoka kwa mama, la pili kwa baba. Kama mkebe mmoja ungekuwa na mahindi matupu, hakuna mtoto ambaye angeugua, ingawa wengine wangebeba haragwe.

Wengine walisema basi, wa kwanza akiugua, watatu wanaofuata wamepona. La! Mbegu zimerudishwa mkebeni. Kila mimba huanza upya.

Na yule mke mwingine? Bwana atamwendea na haragwe lake lile lile. Naye huyo mke huenda analo, maana huku kwetu ziwani wenye kulibeba ni wengi. Sababu ni malaria: haragwe moja humkinga mtu na malaria kali, kama alivyoonyesha daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, mwaka 1954. Lakini mwenye mawili malaria humuua upesi. Huyo alale ndani ya neti, anywe maji mengi, apewe penisilini kila siku hadi miaka 5, na homa yoyote apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Muulizeni daktari pia juu ya haidroksiyurea, dawa inayopunguza yale maumivu.

Kipimo ni cha damu kidogo tu, na hata mtu mzima hupimwa kabla ya kuoa au kuolewa.

Juma lililofuata yule mama alikuja na bwana. Alikaa nyuma kabisa, hakusema neno. Wakati wa kuondoka alituuliza kama ndugu yake mdogo, anayetaka kuoa, naye anaweza kupimwa.