Kapodistrias: gavana aliyeanza na shule za chini

Sisi tunaosoma ualimu tukisikia Ugiriki tunamkumbuka Socrates, tunajibu mtihani, basi. Leo nataka tumwongelee Ioannis Kapodistrias, maana tatizo lake nililikuta mwenyewe kwenye mazoezi ya kufundisha: watoto wengi, mwalimu mmoja.

Alizaliwa kisiwa cha Corfu mwaka 1776, akasomea udaktari Padua. Baadaye aliingia utumishi wa Urusi, akatumwa Uswisi kusaidia majimbo yaliyokuwa yakigombana yapatane, na kuanzia 1816 alikuwa mmoja wa mawaziri wawili wa mambo ya nje wa Tsar Alexander. Wagiriki walipoasi utawala wa Waturuki mwaka 1821, Tsar hakutaka kuwaunga mkono. Mwaka uliofuata Kapodistrias akaondoka, akaenda kukaa Geneva.

Mwaka 1827 bunge la Wagiriki lilimchagua gavana kwa miaka saba. Alipofika Januari 1828 alikuta hazina tupu na yatima wa vita kila mahali. Mshahara akaukataa (sijui nani kwetu angeweza hilo). Kisiwani Aegina akajenga nyumba kubwa ya yatima, na mashuleni ukatumika utaratibu wa wanafunzi kufundishana: waliotangulia wanafundisha makundi madogo, mwalimu anasimamia.

Nami niliujaribu kwenye hisabati, kidato cha pili, darasa la watoto tisini na kitu. Wiki ya kwanza nilifurahi kweli. Watoto ambao kwangu hawakuwahi kufungua mdomo walikuwa wanabishana na wenzao. Wiki ya pili, nikisahihisha madaftari, nikakuta kundi zima la watoto tisa wamekosea alama ya kutoa mahali palepale. Kiongozi wao ndiye aliyewafundisha hivyo, kwa kujiamini kabisa. Kosa lilikuwa langu. Nilikaa mbele nikihesabu kelele badala ya kuzunguka kwenye makundi.

Wasomi wa wakati ule walimlaumu kwa kutofungua chuo kikuu. Yeye aliona huwezi kuezeka nyumba isiyo na kuta. Chuo kikuu cha Athens kilianzishwa 1837, yeye akiwa ameshakufa, na leo kinabeba jina lake.

Sasa, hapa ndipo ninapobishana na mwenzangu wa chumba, ambaye ni mbunge wa serikali ya wanafunzi. Kapodistrias alipofika tu, aliomba katiba isimamishwe, na bunge likakubali. Mahali pake akaweka baraza la watu 27, kazi yao kushauri. Mwenzangu anasema nchi iliyovunjika haiwezi kungoja vikao. Mimi namuuliza: mtu asiyekubaliana naye apeleke wapi neno lake?

Maana wapo waliokosa pa kulipeleka. Wakubwa wa Mani na matajiri wa meli wa Hydra, waliopigania uhuru, walijiona wamewekwa pembeni, wakaasi. Gavana akamfunga mzee wao wa Mani, Petrobey Mavromichalis. Tarehe 9 Oktoba 1831, asubuhi, akielekea ibadani huko Nafplio, alikutana mlangoni mwa kanisa na Konstantinos, ndugu wa mfungwa, na Georgios, mwanawe. Mmoja alimpiga risasi, mwingine akamchoma kisu.

Miaka yake saba ilikuwa bado haijafika nusu ya pili kwisha. Ugiriki ikaingia vurugu, kisha mataifa makubwa yakaipa mfalme kijana kutoka Bavaria, Otto, ambaye naye hakukubali kutoa katiba mpaka 1843, wanajeshi na wananchi walipojaa mbele ya kasri lake.