Samaki na mbu: bwawa lako lakinga malaria au laizidisha?

Kila baada ya mvua nyingi foleni ya wagonjwa wa homa hurefuka kliniki, na pamoja nayo huja swali nililoulizwa mara nyingi: "Daktari, ni kweli kwamba nikifuga samaki sitasumbuliwa na mbu?" Wanaouliza si wakulima pekee. Ni watu wa mjini wenye tangi la maji, kidimbwi cha mapambo uani, au bwawa la samaki walilochimba kule mashambani na ambalo sasa latunzwa na ndugu. Jibu ni ndiyo, lakini kwa kiasi. Kiasi hicho ndicho tutakachokitazama wiki hii, maana asiyekijua huenda akawa anafuga mbu huku akidhani anafuga samaki.

Tuanze na mbu mwenyewe. Mbu jike hutaga mayai majini. Mayai yakianguliwa hutoka viluwiluwi, wale wadudu wadogo wanaojipindapinda ndani ya maji ya pipa. Palipo na joto, safari yote kutoka yai hadi mbu mwenye mabawa huchukua wiki moja au mbili hivi. Mbu akishapata mabawa twamwinda chumbani usiku kwa dawa na makofi, na aghalabu hutushinda. Akiwa bado majini hana pa kukimbilia. Kiluwiluwi cha anofelesi, mbu anayeeneza malaria, hulala sambamba na uso wa maji kwa sababu hakina mrija wa kupumulia. Kile cha kuleksi, mbu wa mitaro michafu, huning'inia kichwa kikiwa chini. Vyote viwili vyahitaji hewa ya juu, na hapo juu ndipo samaki mdogo anapovikuta.

Wazo la kuwatumia samaki lina zaidi ya miaka 100. Mnamo 1905 mtaalamu wa samaki Mmarekani, Alvin Seale, alisafirisha samaki wadogo waitwao gambusia kutoka Texas hadi visiwa vya Hawaii ili wapunguze mbu. Baadaye samaki hao walisambazwa katika mabara karibu yote. Zilipokuja dawa kali za kuua wadudu, hasa DDT, wengi waliwasahau. Leo mbu wamezoea dawa nyingi, na watafiti wamerudi majini.

Utafiti unaotuhusu zaidi ulifanywa hapa nchini, katika nyanda za juu za Kisii. Mwanasayansi Annabel Howard na wenzake Guofa Zhou na Francois Omlin hawakuleta samaki wa kigeni kutoka ng'ambo. Walimchukua tilapia, samaki yuleyule tunayemla kwa ugali na ambaye wakulima wa huko tayari walikuwa wakimfuga, wakamtia katika mabwawa yaliyokuwa yametelekezwa, mita 1,880 juu ya usawa wa bahari. Bwawa jingine liliachwa bila samaki ili pawe na kitu cha kulinganisha. Kisha kwa miezi sita wakahesabu viluwiluwi.

Matokeo yalichapishwa 2007. Mara tu samaki walipotiwa, viluwiluwi vilipungua, ilhali katika bwawa lisilo na samaki viliongezeka. Baada ya wiki 15, viluwiluwi vya aina mbili za mbu wa malaria, Anopheles gambiae na Anopheles funestus, vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 94. Vile vya kuleksi na jamaa zake vilipungua kwa zaidi ya asilimia 75. Samaki hawakuhitaji kuongezwa katika muda huo wote.

Msomaji asiharakishe kushangilia. Kuna jambo dogo katika utafiti huo ambalo mimi naliona kubwa: mabwawa yote yalikuwa yakifyekwa majani mara kwa mara. Nyasi zinazoota ndani ya maji na kwenye kingo huwapa viluwiluwi maficho ambamo samaki hapenyi kwa urahisi. Bwawa lenye samaki lakini lililojaa matete si bwawa lile la Kisii.

Howard na Omlin walitazama pia upande wa pili wa shilingi. Katika utafiti uliochapishwa 2008 walieleza kwamba wakulima wa magharibi mwa Kenya wanapoacha kufuga samaki, mabwawa yao huzalisha mbu wa malaria kwa wingi zaidi. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Mnamo 2009 serikali ilianzisha mpango wa kufufua uchumi uliokusudia kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya maeneobunge 140. Kazi ilifanyika na watu wakapata kitoweo, lakini chakula cha samaki kilipopanda bei na soko likawa mbali, baadhi ya wenye mabwawa walikata tamaa. Samaki waliliwa, shimo likabaki, na mvua hulijaza kila mwaka. Kama wewe ni mmoja wao, shimo hilo liko karibu na nyumba ya mama yako na watoto wa ndugu zako. Wao ndio wanaoumwa na mbu wake.

Basi kwa nini tusijaze samaki kila mahali, tukamaliza malaria? Kwa sababu ya tabia za Anopheles gambiae. Huyu hupenda vidimbwi vidogo vyenye jua: nyayo za ng'ombe zilizojaa maji, alama za magurudumu barabarani, mashimo ya watengeneza matofali. Maji ya namna hiyo hukauka baada ya siku chache, lakini siku hizo zaweza kumtosha mbu. Samaki wa kawaida hawezi kuishi humo. (Wapo samaki wa ajabu huko pwani, wa jamii ya Nothobranchius, ambao mayai yao huvumilia ukame ndani ya tope hadi mvua inyeshe tena. Lakini hata hao huhitaji dimbwi la kadiri, si kwato la ng'ombe.) Unaweza kuwa na bwawa safi lenye tilapia mia, na bado mbu wakaja kutoka njia ya mifugo iliyo nyuma ya boma.

Kupunguza viluwiluwi na kupunguza wagonjwa ni mambo mawili tofauti. Wataalamu wa Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za afya, walichambua tafiti za samaki na malaria 2013 na tena 2017. Hawakupata hata utafiti mmoja wa kuaminika uliopima iwapo samaki hupunguza malaria kwa watu wanaoishi karibu na maji hayo. Hiyo haina maana kwamba samaki hawafai kitu. Maana yake ni kwamba mtu asiondoe chandarua kitandani kwa sababu ana bwawa. Mzazi akifanya hivyo namwona amecheza kamari na uhai wa mtoto.

Sasa tuje mjini. Homa ya dengue ilizuka Mombasa 2013 na tena 2021, na kati ya mwisho wa 2017 na 2018 mji huo ulipatwa na chikungunya. Magonjwa haya huenezwa na mbu wa edisi, ambaye huuma mchana na hutaga ndani ya mapipa, matangi na magurudumu yaliyotupwa. Tena mwaka 2022 mbu mgeni wa malaria, Anopheles stephensi, aligunduliwa katika kaunti ya Marsabit. Asili yake ni Asia ya Kusini na nchi za Uarabuni, na Afrika alionekana kwanza Djibouti, 2012. Tulizoea kusema malaria ni ugonjwa wa mashambani, lakini huyu hutaga katika matangi na visima vya mjini bila taabu. Katika miji ya India, samaki wadogo hutiwa visimani na matangini ili kupambana naye.

Je, nawe utie samaki tangini? Kwa tangi la maji ya kunywa nyumbani, ushauri wangu ni la. Mfuniko unaoziba sawasawa, au wavu wenye matundu madogo, hufanya kazi nzuri kuliko samaki, na ukitia klorini samaki atakufa. Mapipa na ndoo zimwagwe kila wiki na kusuguliwa kuta za ndani, kwa maana mayai ya edisi hunata ukutani juu ya maji na yaweza kukaa makavu kwa miezi. Kwa kidimbwi cha mapambo au kisima kisichotumika kwa maji ya kunywa, samaki ni wazo zuri.

Lakini ni samaki gani? Yule gambusia wa Texas amekuwa balaa kwingi alikopelekwa. Hula mayai na vifaranga wa samaki wenyeji, huwang'ata mapezi, na amewekwa katika orodha ya viumbe vamizi 100 walio wabaya zaidi duniani. Wakazi wa Kisumu hawahitaji mhadhara juu ya hili. Walimwona mbuta akitiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, kisha fulu wa aina nyingi wakatoweka. Muulize afisa wa uvuvi wa kaunti yako ni samaki yupi anayefaa eneo lenu, na usimwachilie samaki wa kufugwa mtoni au mtaroni.

Mwenye bwawa lililotelekezwa ana njia mbili tu: alitie samaki na kulifyeka kila mara, au alikaushe na kulifukia kabla ya mvua. Kazi ya kulifukia yawezekana kwa vijana wenye sepetu.