SHAMBA MOJA, WATOTO WATATU



Leo tusome habari za wakulima wa zabibu wa Ufaransa. Jimbo lao huitwa Bourgogne, nalo liko upande wa mashariki wa nchi hiyo. Zabibu zao hutengenezwa divai inayojulikana dunia nzima. Mashamba mengi ni madogo, na mengi ni ya familia.

Mzabibu si kama mhindi. Ukiupanda leo, utangoja miaka mitatu au minne ndipo uvune. Ukiutunza vizuri, utazaa miaka 50 na zaidi. Kwa hiyo mkulima wa huko huvuna alichopanda baba yake, naye humpandia mtoto wake. Lakini mtoto yupi? Hapo ndipo penye kazi.

Sheria yasemaje?

Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1804 ilisema watoto warithi sawa, wa kike na wa kiume, mkubwa na mdogo. Mpaka leo mzazi hawezi kumnyima mtoto. Mwenye watoto watatu, robo tatu ya mali yake ni haki yao. Robo moja tu ndiyo anayoweza kumpa amtakaye.

Hiyo ni haki. Lakini mali ikigawanywa tena na tena, mwisho wake nini? Shamba liitwalo Clos de Vougeot lina hekta 50 hivi, yaani ekari 125. Zamani watawa walilizungushia ukuta wa mawe. Mwaka 1889 liliuzwa kwa wanunuzi kadhaa, halafu likazidi kugawanyika kwa kuuzwa na kwa urithi. Leo wenyewe ni 80 hivi. Wengine wana mistari michache tu ya mizabibu.

Tuchukue mfano

Tuseme mzee ana hekta 6 na watoto watatu. Wa kwanza, binti, amebaki nyumbani. Kila majira ya baridi hukata matawi ya mizabibu mpaka vidole vinakufa ganzi. Wadogo zake wawili wa kiume wanafanya kazi mjini.

Mzee akifa, kila mmoja anadai fungu la hekta 2. Binti akilitaka shamba lote, awalipe wadogo zake thamani ya hekta 4. Atazitoa wapi fedha? Bei ya ardhi huko imepanda mno, maana matajiri na makampuni makubwa wananunua. Mwaka 2014 kampuni ya LVMH ilinunua shamba la Clos des Lambrays, lenye hekta karibu 9. Tena kuna kodi ya urithi. Mali ikiwa kubwa sana, sehemu yake ya juu hutozwa asilimia 45.

Basi wengine huuza. Binti hubaki na fedha mkononi, na mizabibu ya babu yake inakatwa na mtu mwingine.

Familia nyingine hufanyaje?

Kwanza, huzungumza mapema. Sheria inamruhusu mzazi kugawa mali angali hai, hati ikaandikwa mbele ya mwanasheria.

Pili, hugawana hisa, si mizabibu. Tangu mwaka 1970 sheria inaruhusu familia kuunda chama cha kumiliki ardhi. Shamba huwa mali ya chama, na kila mtoto hupata hisa, yaani fungu lake kwa maandishi. Yule anayelima huweza kulikodi shamba lote kwa mkataba wa miaka 18 au zaidi, akawalipa wenziwe kila mwaka.

Hata hivyo, ugomvi hauishi. Aliye mjini hupata kodi ndogo, naye anajua kwamba shamba likiuzwa atapata fedha nyingi. Wakija wajukuu, wenye hisa huongezeka, na wengine hawajapata kushika mkasi wa shambani. Kwa hiyo hati peke yake haitoshi. Anayelima awaonyeshe ndugu zake hesabu, nao wafike shambani waone jasho lake.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini mkulima wa mizabibu hufikiria mrithi mapema?
2. Kugawana hisa kuna tofauti gani na kugawana shamba?
3. Binti amelima miaka 20, wadogo zake hawakulima. Je, wakipata sawa, ni haki? Kila mmoja aseme, na atoe sababu.