Somo la Mwezi: Ujira wa Kazi ya Mikono



Mwezi huu tunajiuliza swali moja: je, mtu anayefanya kazi kwa mikono yake hulipwa sawasawa na ujuzi na jasho lake? Swali hili si la wenye mashamba makubwa peke yao. Katika parishi yetu ni wachache ambao hawajapata kumwita mwashi, seremala, mtu wa kulima ngwe au binti wa kazi za nyumbani. Basi tulijibu kama vibarua, na pia kama waajiri.

1. Kazi ya mikono ni elimu

Sisi tuliokaa miaka mingi darasani tumezoea kusema kuwa mwenye elimu ni mwenye cheti. Wazee wa Upare hawakuhesabu hivyo. Wahunzi wa ukoo wa Washana walijua kufua chuma, na chuma cha Upare kilinunuliwa mpaka Uchagani. Waliozijenga ndiva zetu walijua mahali pa kuyazuia maji na namna ya kuyateremsha mpaka mashambani. Tena katika Kutoka sura ya 31 tunasoma habari za Bezaleli, fundi wa dhahabu, mawe na mbao. Ujuzi wake unahesabiwa kuwa kipawa cha Roho wa Mungu.

Mtazame mkata mkonge wa tambarare ya Makanya. Mpita njia huona panga tu. Lakini yule mkataji anajua majani yapi yamekomaa, na mangapi yaachwe ili mmea usidhoofike. Hukata karibu na shina, huondoa mwiba wa ncha, hufunga mafungu na kuyabeba. Katika kila kilo 100 za majani, nyuzi zinazopatikana ni kilo 4 hivi. Zile 96 nyingine nazo zimepita mikononi mwake.

2. Tulikotoka

Wakati wa ukoloni kibarua wa mkonge alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo hakumaliza kipimo haikuhesabiwa, na mshahara ulingoja kadi ijae. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani 230,000 hivi za mkonge, zao lililoitwa dhahabu ya kijani. Dhahabu hiyo haikuonekana sana katika nyumba za wakataji.

Tuseme pia hoja ya upande wa pili. Mishahara ilipopandishwa miaka ya kwanza ya Uhuru, mashamba mengi yalipunguza watu. Baadaye nyuzi za viwandani zikaiangusha bei ya mkonge. Ni kweli kwamba mwajiri hawezi kulipa asichokipata. Lakini tuangalie jambo moja: hasara ikija, kibarua ndiye wa kwanza kuibeba, faida ikija, yeye ni wa mwisho kuiona.

3. Sheria zasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa juma, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 100,000 kwa mwezi katika kilimo, na shilingi 325,000 kwa makandarasi wa daraja la kwanza. Viwango vimepandishwa tangu hapo, lakini tujifunze kwa tofauti ile. Je, jembe ni jepesi mara tatu kuliko sepetu? La. Tofauti hutokana zaidi na mfuko wa mwajiri na shida ya mwombaji kazi. Mlangoni wakisimama wengi wenye njaa, bei ya jasho hushuka, ingawa ujuzi ni uleule.

Kwa hiyo kibarua kukubali bei si ushahidi kwamba bei ni ya haki. Pengine amekubali kwa sababu watoto hawajala.

4. Mizani ya kupimia

Wengine husema, "Mbona katika msaragambo twafanya kazi bila malipo?" Ni kweli, lakini anayechimba mfereji katika msaragambo atamwagilia shamba lake mwenyewe. Mwashi anayejenga nyumba yako hatalala ndani yake. Basi, kabla ya kupatana naye, tupime mambo manne:

(a) Muda. Tuhesabu na saa alizotembea kuja, na saa alizongoja saruji yetu ifike.

(b) Ujuzi. Tuhesabu miaka aliyojifunza, na vifaa alivyonunua kwa fedha yake.

(c) Mwili. Wanaochimba jasi Makanya na wanaopasua kokoto huuza nguvu za mgongo, na nguvu hizo hazirudi. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Sisi walimu wastaafu tunapokea pensheni. Waashi wengi waliojenga madarasa tuliyofundishia wamezeeka hawana pensheni, na bado wanachumia juani.

(d) Siku ya kulipa. Kumbukumbu la Torati 24 yaagiza maskini alipwe siku ileile, kabla jua halijatua. Anayemwambia kibarua "njoo kesho" amekwisha kumpunguzia ujira, maana usiku huo atakopa unga dukani.

Tukipima hivyo, jibu la swali letu mara nyingi litakuwa hapana. Bei ya haki kwa nchi nzima hatuwezi kuipanga sisi. Ile ya uani mwetu twaipanga wenyewe, na hapo hatuna wa kumsingizia.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chenu, kibarua wa siku moja hulipwa kiasi gani? Fedha hiyo yanunua unga, mafuta na sabuni kiasi gani?

2. Je, binti anayetusaidia nyumbani ana siku ya kupumzika?

3. Parishi inapojenga, ni kazi zipi ziwe za kujitolea, na zipi lazima zilipwe?

4. Kabla ya Jumapili ijayo, kila mmoja akumbuke: yuko nani anayetudai ujira wake?