Disney ya Florida Shule Zikiwa Wazi: Mafunzo Niliyopata

Wengi wetu tunaoishi Marekani huwapeleka watoto Walt Disney World mwezi Julai au wiki ya Krismasi, kwa kuwa ndipo shule zinapofungwa. Familia yangu huenda kati ya Septemba na Novemba mwanzoni. Foleni hupungua, na bei ya tiketi, ambayo hubadilika kulingana na tarehe, mara nyingi huwa nafuu. Lakini majira hayo yana mambo yake, na anayeyajua mapema ndiye anayefaidi.

1. Chagua siku, usichague mwezi tu. Utulivu huu unatokana na watoto kuwa darasani; wakipewa mapumziko, utulivu umekwisha. Jumatatu ya pili ya Oktoba ni sikukuu ya Columbus Day, na shule nyingi hupumzika siku za karibu yake. Alhamisi ya nne ya Novemba ni Thanksgiving, na wiki hiyo bustani za Disney hujaa pomoni. EPCOT, mojawapo ya bustani hizo, nayo huwa na tamasha la vyakula na vinywaji tangu mwishoni mwa Agosti hadi Novemba, na wakazi wa Orlando humiminika huko wikendi. Sisi huiweka Jumanne au Jumatano. Kuhusu masomo, tunazungumza na mwalimu wiki kadhaa kabla, na mwaka ambao mtoto ana mtihani mkubwa hatuendi kabisa.

2. Siku ya sherehe ya usiku ina neema yake mchana. Kuanzia Agosti hadi Oktoba 31, bustani ya Magic Kingdom hufanya sherehe ya Halloween katika usiku maalumu, kwa tiketi ya peke yake. Mwenye tiketi ya kawaida hutakiwa kuondoka saa 12 jioni. Wageni wengi huikwepa siku hiyo kwa sababu wanataka kuona fataki za usiku, basi asubuhi na mchana foleni huwa fupi. Watoto wangu husinzia mapema, kwa hiyo siku hiyo tunaitafuta kwa makusudi.

Pima pia urefu wa watoto nyumbani kabla ya safari. Mchezo wa Space Mountain unadai sentimita 112, na mtoto aliyepungua hapo hurudishwa hata akilia. Hapo mwombe mfanyakazi wa mlangoni awaruhusu kupokezana: mzazi mmoja anapanda, mwenzake anabaki na mdogo, kisha wanabadilishana bila huyu wa pili kuanza foleni upya.

3. Soma orodha ya matengenezo. Ni katika miezi tulivu ndipo baadhi ya michezo hufungwa ili itengenezwe. Tarehe hutangazwa kwenye tovuti yao. Zisome kabla hujamwahidi mtoto chochote.

4. Bustani ya Animal Kingdom ni ya asubuhi. Septemba joto la Orlando bado hufika nyuzi 32, na jua likipanda wanyama wa Kilimanjaro Safaris hutafuta kivuli. Wanaolala katika hoteli za Disney huruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya wengine, na nusu hiyo ina thamani kubwa. Tulipompeleka mama mkwe wangu, aliyetutembelea kutoka Tanga, alisimama muda mrefu katika kijiji cha Harambe humo, kilichobuniwa kwa kuitazama Lamu. Akapapasa ukuta, akaniambia, "Mwanangu, hawa walikuja kwetu wakatazama vizuri." Nilifurahi kwamba tulifika kabla ya umati. Alasiri hunyesha mvua ya radi, na radi ikikaribia michezo ya nje husimamishwa, kwa hiyo bebeni makoti ya mvua.

5. Vimbunga si jambo la kupuuza. Msimu wake ni Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele ni takriban Septemba 10. Bustani zilifungwa kwa ajili ya kimbunga Ian mwaka 2022, na tena kwa ajili ya Milton Oktoba 2024. Kituo cha Taifa cha Vimbunga kikitoa onyo kwa eneo la Orlando, au kwa mji unaoishi, ndani ya siku 7 kabla ya kufika kwako, Disney hukuruhusu kuahirisha au kufuta hoteli uliyolipia kwao bila kukutoza faini. Ndege na hoteli za nje zina masharti yao. Bima ya safari inunuliwe mapema, kwani dhoruba ikishapewa jina, bima mpya kwa kawaida haiifidii. Sisi huinunua siku ileile tunayolipia ndege.