Kupanda Alizeti na Watoto: "Mwalimu, Hii Si Yangu"

Somo: Marko 4:26–29, 1 Wakorintho 3:6–9

Wiki hii somo ni la wazazi na walimu wa Sande Skuli, lakini hata wewe usiye na mtoto usifunge kijarida. Naanza na kosa langu mwenyewe.

Mwezi Machi tuliwapa watoto wa darasa la chini kila mmoja mkebe, udongo na mbegu moja ya alizeti. Nikawaambia: panda, mwagilia, omba kila usiku, na Mungu ataiotesha. Wakaomba kweli. Baada ya wiki moja mikebe mingi ilikuwa imetoa vijani viwili viwili, mingine bado ina ganda la mbegu juu kama kofia. Mkebe wa msichana mmoja wa miaka saba ulikuwa kimya. Nilipochimbua kidogo nikakuta mbegu imeoza. Sikutaka alie. Jumamosi jioni nikatoa mche kwenye mkebe wa ziada, nikaupandikiza kwa wake na kusawazisha udongo vizuri.

Jumapili alikuja, akainama, akaangalia kwa muda mrefu. "Mwalimu, hii si yangu. Yangu niliweka pale kwa ukingo." Halafu akauliza: "Ni juu nililala siku moja bila kuomba?"

Wapendwa, nilikosa jibu. Nilikuwa nimemdanganya kwa mche, na kabla ya hapo nilikuwa nimemfundisha vibaya. Ukimwambia mtoto "omba, itaota", yeye anasikia pia upande wa pili: isipoota, wewe ndiye hukuomba vizuri. Na watoto wa hapa Kwa Njenga wana mengi ya kupima kwa kipimo hicho. Wakubwa wao waliona nyumba zikibomolewa mwishoni mwa mwaka 2021. Wengi wanakumbuka mafuriko ya 2024. Mtoto akiamini kwamba kila kilichoharibika kiliharibika kwa sababu maombi yake yalikuwa mafupi, amebebeshwa mzigo ambao Bwana hakumpa. Tumembebesha sisi.

Nilimwambia ukweli siku hiyo hiyo, mbele ya wenzake, na nikamwomba msamaha. Mkebe wake haukuwa na mashimo. Mimi ndiye niliyetoboa mikebe yote, na huo niliuruka. Maji yakakaa chini, mbegu ikakosa hewa, ikaoza. Shida haikuwa maombi, ilikuwa msumari.

Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba yeye alipanda na Apolo akatia maji, lakini aliyekuza ni Mungu. Sisi tunaruka haraka mpaka kwa Mungu kukuza, tunaiacha ile kazi ya mikono inayotangulia. Halafu angalia yule mpanzi wa Marko 4. Anapanda, anaenda kulala, anaamka, na mbegu inaendelea hata kama yeye hajui inavyofanya hivyo. Yesu hamlaumu kwa kulala. Nilipomsomea yule msichana, akauliza, "Kwa hivyo hata ukilala si mbaya?" Nikamwambia si mbaya. Akacheka kidogo. Wazazi, msomeeni mtoto wako sehemu hii kabla hajalala, halafu mwache alale.

Sasa kazi ya mikono. Toboa chombo chini, mashimo manne au matano, kila chombo, na uhesabu. Mikebe yetu midogo haikuwa wazo zuri: alizeti ina mzizi mrefu unaoshuka chini na haipendi kuhamishwa. Afadhali mtungi wa lita 20 uliovuja, ukatwe juu, mche mmoja ndani yake mpaka mwisho. Udongo mweusi wa huku kwetu, ule unaopasuka wakati wa jua na kunata kwa gambuti wakati wa mvua, unashika maji mno. Uchanganye na mchanga na mbolea ya mbuzi iliyooza kabisa. Usichote udongo kando ya mto Ngong wala karibu na jaa. Maji yale yamepitia viwandani na vyooni, na watoto wanashika udongo halafu wanashika mdomo.

Mbegu: zile zilizokaangwa na kutiwa chumvi hazioti, hata mkeshe usiku kucha. Zile za agroveti zikiwa na rangi zimepakwa dawa, kwa hivyo mtoto asiziweke mdomoni, na anawe mikono. Panda mbegu mbili au tatu kwa kina cha pingili moja ya kidole, baadaye acha mche ulio na nguvu. Mwagilia udongo ukikauka juu. Maji tunanunua kwa mtungi, kwa hivyo yale ya kusuuzia mboga yanatosha.

Jua ndilo gumu, kwa sababu ploti zetu ni mabati kwa mabati. Alizeti inataka kama masaa sita ya jua kwa siku. Tafuta mwisho wa korido au karibu na ngazi. Usiweke moja kwa moja juu ya paa. Mabati ya saa nane mchana yatachoma mizizi.

Ikiwa mahali pako ni wazi, mwonyeshe mtoto jambo hili: alizeti changa asubuhi inaangalia upande wa uwanja wa ndege, jioni imegeukia South B, na usiku inarudi. Mchana shina linakua zaidi upande wa mashariki, usiku upande wa magharibi, ndiyo maana linageuka. Ua likifunguka kabisa linaacha kugeuka, linabaki limeelekea mashariki. Nyuki hupenda ua lililopata joto mapema.

Yule msichana alipanda tena, mara hii kwenye mtungi, na mashimo alitoboa mwenyewe huku nikimshikia. Leo mche wake unamfika kifuani. Haujatoa ua bado, na kuna mpira unaochezwa hapo karibu kila jioni, kwa hivyo sijamwahidi kitu.

Wanaotaka kuanza, baada ya ibada ya pili Jumapili ijayo njooni na watoto, kila mtoto na mtungi wake. Msumari nitaleta mimi.