Kabla Hujalipia Ploti: Vidokezo 9 vya Kupata Rekodi za Ardhi Kenya

Hatimiliki anayokuonyesha muuzaji ni karatasi tu. Huenda ni halali, huenda ilishabatilishwa, huenda imeghushiwa kwa ustadi mkubwa. Ukweli kuhusu mwenye ardhi umo ndani ya rejista ya msajili, na rejista hiyo sheria imekufungulia. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinasema kwamba anayeomba upekuzi rasmi, ambao wengi huuita sachi, ana haki ya kupewa maelezo yaliyomo kwenye rejista pamoja na nakala zilizoidhinishwa za hati na ramani, mradi alipe ada. Si lazima uwe mwenye ardhi, si lazima uwe wakili, wala huhitaji kumjua mtu yeyote ndani. Wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Haya, tukalisome daftari.

1. Jua mlango wa kubisha

Hapa ndipo wengi hupoteza asubuhi nzima. Serikali ya kaunti haitoi wala haihifadhi hatimiliki. Kaunti inashughulikia kodi ya ardhi, vibali vya ujenzi na mipango ya miji. Rejista ya umiliki iko kwenye afisi ya usajili wa ardhi, ambayo ni ya Wizara ya Ardhi, serikali ya kitaifa, hata kama jengo lenyewe linapakana na afisi za gavana. Utahitaji afisi zote mbili kabla ya kumaliza, lakini anza kwa msajili.

Nambari ya ploti ndiyo inayokuelekeza. Ikianza na Kilifi/Mtwapa, faili iko Kilifi. Ikianza na Kwale/Ukunda, elekea Kwale. Hatimiliki za zamani zina alama nyingine: zenye herufi I.R. zilisajiliwa Nairobi, na zenye C.R. zilisajiliwa Mombasa, kwenye rejista ya Pwani.

2. Nenda na nambari kamili, jina pekee halitoshi

Rejista imepangwa kwa nambari za vipande vya ardhi. Ukifika kaunta na jina la muuzaji peke yake, utarudi mikono mitupu. Muombe muuzaji nakala ya hatimiliki, kisha uandike nambari jinsi ilivyo: eneo, sehemu ya usajili, nambari ya kipande. Tarakimu moja ikikosewa, utapewa taarifa sahihi kabisa za shamba la mtu mwingine.

Uliza pia kama nambari hiyo bado inatumika. Serikali imekuwa ikibadilisha nambari za mifumo ya zamani ziwe za mfumo mmoja, na shamba likigawanywa nambari yake hufungwa, vipande vipya vikapewa zao. Muuzaji akikwambia hatimiliki ya kipande chako bado haijatoka, dai nambari ya hatimiliki mama na uipekue hiyo. Anayekataa kuitoa nambari amekwisha kukujibu.

3. Omba kwa njia rasmi, lipa kwa njia rasmi

Jukwaa la Ardhisasa lilizinduliwa Aprili 2021, likaanza na Nairobi, kisha kaunti nyingine zikaongezwa. Kama rekodi za eneo lako zimeshaingizwa humo, unafungua akaunti kwa kitambulisho na kuomba sachi ukiwa nyumbani. Kwingineko utajaza fomu ya ombi la upekuzi na kuipeleka kwenye afisi ya usajili pamoja na nakala ya hatimiliki, ya kitambulisho na ya PIN ya KRA.

Ada za serikali hulipwa kwa njia za serikali, na kila malipo yana risiti. Usimpe pesa kijana anayekufuata kwenye ngazi akiahidi kukuharakishia. Hatari yake ni kubwa kuliko hiyo pesa yenyewe: matapeli wengi hukuletea cheti cha sachi kilichotengenezwa mtaani, kina mhuri na sahihi. Sachi ya kuamini ni ile uliyoiomba mwenyewe, au aliyoiomba wakili uliyemchagua wewe. Ile inayoletwa na muuzaji au dalali wake, ipokee kwa shukrani, kisha uende ukaombe yako.

4. Soma cheti neno kwa neno

Cheti kikishafika mkononi, usiangalie jina tu ukafurahi. Kina sehemu tatu, na kila moja ina jambo lake.

Ya kwanza inaeleza ardhi yenyewe: nambari, ukubwa, na aina ya umiliki, yaani ni ardhi huru au ya kukodi kutoka kwa serikali kwa miaka maalumu. Ukubwa huandikwa kwa hekta, kwa hiyo piga hesabu. Ekari moja ni kama hekta 0.405. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama hekta 0.046. Ukiuziwa robo ekari na cheti kinasema 0.046, unalipia ardhi ambayo haipo. Kama ni ya kukodi, angalia miaka ilianza lini na imebaki mingapi.

Ya pili ni ya mwenyewe. Linganisha jina herufi kwa herufi na kitambulisho cha anayekuuzia, ulinganishe na nambari ya kitambulisho pia. Wakiwa wawili au watatu kwenye rejista, wote wanatakiwa kuuza.

Ya tatu ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo yenye moto. Hapo huandikwa rehani za benki, zuio lililowekwa na mtu anayedai haki, na amri za mahakama. Rehani si mwisho wa safari, maana mkopo unaweza kulipwa na benki ikaiondoa. Lakini zuio la mke, la ndugu au la mnunuzi wa awali linakuambia usimame kwanza, umtafute aliyeliweka, usikie anachodai.

5. Omba na historia, si ukurasa wa leo pekee

Cheti cha sachi kinakuonyesha hali ya leo. Ili kujua ardhi ilitoka wapi, omba nakala iliyoidhinishwa ya kadi ya kijani, ile karatasi ya rejista inayoorodhesha wamiliki wote tangu usajili wa kwanza, na tarehe za kila badiliko.

Umuhimu wa historia hiyo ulithibitishwa na Mahakama ya Juu Aprili 2023 katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kampuni hiyo ilikuwa na hatimiliki ya ploti ya Nyali, karibu na bahari, ambayo chimbuko lake lilikuwa ugavi uliofanywa mwaka 1989. Mahakama ilirudi nyuma hadi kwenye chimbuko hilo, ikakuta taratibu hazikufuatwa na kwamba ardhi ilikuwa ya umma. Hatimiliki haikumwokoa mnunuzi wa baadaye. Somo lake ni zito: uchafu wa mwanzo hausafishwi na idadi ya mikono uliyopitia.

Kwa hiyo pitia kadi taratibu. Ardhi iliyobadilisha wamiliki mara kadhaa ndani ya miezi michache inahitaji maelezo. Iliyotolewa na serikali inahitaji faili lenye hati za ugavi wake. Na kama hatimiliki ya sasa ilitolewa badala ya iliyopotea, tafuta tangazo lake kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Sheria inataka upotevu utangazwe humo na kwenye magazeti mawili ya kitaifa, kisha siku 60 zipite, ndipo hati mpya itolewe.

6. Karatasi nyingine zote si hatimiliki

Barua ya ugavi, cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi, makubaliano yaliyoandikwa mbele ya chifu: hizi zinaweza kuwa ushahidi wa jambo fulani, lakini hazikufanyi kuwa mmiliki aliyesajiliwa. Mwaka huohuo wa 2023, katika kesi ya Torino Enterprises, Mahakama ya Juu ilieleza wazi kwamba barua ya ugavi peke yake haimpi mtu hatimiliki inayoweza kuuzwa.

Pwani kuna jambo la kuangalia zaidi. Mombasa ina nyumba nyingi ambazo mwenye nyumba si mwenye ardhi: yeye hulipa kodi ya uwanja kwa mwenye shamba, na nyumba huuzwa bila ardhi. Mpango huo ni wa miaka mingi na una haki zake. Lakini anayenunua anapaswa kujua ananunua kuta na paa, na sachi ya ile ardhi ndiyo itakayomwonyesha jina la mtu atakayekuwa akimlipa.

7. Ramani nayo ni rekodi, ipeleke uwanjani

Kila kipande kilichosajiliwa kina nafasi yake kwenye ramani. Omba nakala ya ramani ya rejista kwenye afisi ya upimaji ya eneo hilo au makao makuu ya Survey of Kenya, Ruaraka. Kisha mlipe mpimaji mwenye leseni aende nawe akuonyeshe bikoni moja baada ya nyingine. Wapo watu waliopelekwa kutazama ploti kavu iliyo kando ya barabara, wakaandikishwa ile ya bondeni. Mkiwa huko, wasalimieni majirani na mwaulize ni nani amekuwa akilima hapo. Rejista haiandiki kila kitu, na jirani aliyekaa miaka 30 anajua kesi ambazo bado hazijafika mahakamani.

8. Sasa ingia kaunti, kisha upekue tena

Kwenye kaunti omba taarifa ya kodi ya ardhi na cheti cha kuonyesha hakuna deni. Deni la miaka mingi usipoliuliza leo utalirithi kesho. Uliza pia kama kuna barabara au mradi uliopangwa kupita hapo. Kama ardhi ni ya kukodi kutoka kwa serikali, pango lake hulipwa serikali ya kitaifa, nalo lina cheti chake. Kama ni ya kilimo, kuna idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, ambayo huombwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano yafanywe. Na kama muuzaji ana mume au mke, idhini ya mwenzake ipatikane kwa maandishi.

Haya yote huchukua wiki kadhaa, na rejista haikusubiri. Zuio linaweza kuwekwa Jumanne ilhali sachi yako ni ya Ijumaa iliyopita. Omba sachi mpya kabla ya kutoa pesa, na nyingine baada ya usajili ili uone jina lako limeingia. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya ardhi yoyote.

Kama uko Doha, Muscat au Minnesota, huhitaji kumsubiri ndugu apate nafasi: wakili anaweza kukuombea sachi na kukutumia nakala. Kama umeshachukua uraia wa nchi nyingine na si raia wa Kenya tena, kumbuka kwamba Kifungu cha 65 cha Katiba kinamruhusu asiye raia kukodi ardhi kwa miaka isiyozidi 99, lakini si kuimiliki kabisa.

9. Pekua na ardhi ya kwenu

Sachi si ya wanunuzi pekee. Mashamba mengi ya familia bado yana jina la babu aliyekwisha kufariki, na wajukuu wanayagawana kwa mdomo. Marehemu hawezi kuuza, na mrithi hawezi kuuza ardhi ya marehemu kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi. Shamba la namna hiyo ndilo tapeli analolipenda, kwa sababu hakuna aliyeangalia rejista kwa miaka mingi.

Wiki hii chukua nambari ya shamba la nyumbani uombe sachi yake. Ikionyesha jina la marehemu, kutaneni kama familia muanze mirathi mahakamani, na Waislamu wanaweza kwenda kwa Kadhi. Ikionyesha jina msilolijua, mtafuteni wakili siku hiyohiyo na muulize kuhusu kuweka zuio. Na ikionyesha kila kitu kiko sawa, wekeni nakala mahali ambapo watoto wenu wanapajua.